Easy Rawlins, askari aliyerudi Los Angeles: mapitio ya mfululizo wa Walter Mosley

Riwaya za upelelezi zenye mpelelezi aliyetoka vitani zimejaa sokoni, na nyingi zinatumia vita kama pambo. Mhusika anapewa kovu, ndoto mbaya za usiku na chupa ya pombe kali kwenye droo, kisha anaendelea kupeleleza kama mpelelezi mwingine yeyote. Ukimvua vita vyake, kesi inabaki vilevile. Kipimo changu kwa vitabu vya aina hii ni hicho: toa vita, halafu uone kama kisa bado kinasimama. Mfululizo wa Easy Rawlins, ulioanza mwaka 1990 kwa Devil in a Blue Dress, ukitolewa vita unaanguka ukurasa wa kwanza. Ndiyo maana nauweka juu ya mifululizo mingine yote ya namna yake niliyoisoma.

Kwa ambaye hajaufungua: tuko Los Angeles, mwaka 1948. Ezekiel Rawlins, ambaye kila mtu anamwita Easy, ana miaka 28. Ni Mmarekani Mweusi aliyekulia Houston, Texas, akapigana Vita vya Pili vya Dunia, na ametoka kufukuzwa kazi kwenye kiwanda cha ndege cha Champion kwa kukataa kuongezewa zamu akiwa hoi. Mkopo wa nyumba unadai. Amekaa kwenye baa ya rafiki yake Joppy, bondia wa zamani, ghorofani juu ya ghala la wauza nyama, ndipo anapoingia Mzungu aliyevaa nyeupe toka kofia hadi viatu. Huyu ni DeWitt Albright. Anamtafuta Daphne Monet, mwanamke wa Kizungu anayependa vilabu vya Weusi. Albright akiingia kwenye vilabu hivyo kuuliza maswali, watu watafunga midomo. Easy akiingia, watamsalimu na kumwagizia kinywaji. Riwaya nzima imejengwa juu ya tofauti hiyo, na Mosley haiachi hata mara moja.

Vita vinaingia mapema, na vinaingia vikiwa na kazi. Easy alifunzwa uaskari wa miguu, kisha akakalishwa mbele ya taipureta kwa miaka 3 ya kwanza. Maofisa wa kikosi chake wote walikuwa Wazungu, na hawakuwa na haraka ya kumwona mtu Mweusi ameshika bunduki na kumwaga damu ya Mzungu, hata kama Mzungu huyo ni adui. Alipochoka kuambiwa kwamba Weusi ni waoga, alijitolea kwenda Normandy, na baadaye akajiunga na jeshi la Jenerali Patton kwenye mapigano ya Bulge, Ubelgiji.

Msomaji mwenye shaka anaweza kudhani mwandishi amejitungia njia hiyo, lakini kumbukumbu za vita zinamuunga mkono. Majira ya baridi ya 1944 jeshi la Marekani Ulaya lilipungukiwa askari wa miguu, na Desemba ya mwaka huo likawaomba Weusi waliokuwa kwenye vikosi vya huduma, yaani madereva, wapakuaji mizigo na makarani, wajitolee kwenda mstari wa mbele. Zaidi ya 4,500 walijitokeza, wakachukuliwa kiasi cha nusu yao. Wenye vyeo walitakiwa kuvua vyeo wawe askari wa kawaida, ili Mweusi asije akamwamuru Mzungu. Kikosi cha vifaru cha 761, cha askari Weusi, tayari kilikuwa kinapigana chini ya Patton tangu Novemba. Kwa hiyo karani wa taipureta aliyeishia kwenye theluji ya Ubelgiji ni mtu anayewezekana kabisa, na Mosley anayaeleza yote hayo kwa aya chache bila kumgeuza Easy kuwa mwalimu wa historia.

Mwandishi mwenyewe yuko karibu na jambo hili. Amezaliwa Los Angeles mwaka 1952. Baba yake alikuwa Mweusi kutoka Louisiana aliyetumikia vita vile na baadaye akafanya kazi ya usimamizi wa usafi shuleni. Mama yake alitoka familia ya Kiyahudi. Mambo yote hayo utayakuta yametawanyika kwenye mfululizo, na Easy mwenyewe anaishia kushika kazi hiyohiyo ya usafi shuleni kwenye vitabu vya katikati.

Sasa, vita vinafanya kazi gani kwenye upelelezi? Kazi tatu, na hazifanani uzito.

Ya kwanza ni woga. Easy anakiri kwamba zamani Mzungu akimtazama tu alikuwa anahisi hofu. Vitani aliwaua vijana wa macho ya buluu wa kutosha kujua kwamba wao pia wanaogopa kufa kama yeye. Hilo ndilo linalomwezesha kukaa meza moja na Albright na kupatana naye bei. Lakini Mosley anajua somo la vita lina mipaka yake uraiani, na anaionyesha mipaka hiyo kwenye tukio moja la gatini Santa Monica. Easy ameitwa kukutana na Albright usiku. Anasimama kando akisubiri. Msichana wa Kizungu anakuja kumsemesha, tena kwa wema tu, na dakika hiyohiyo vijana wenzake wanamzunguka Easy wakitaka ugomvi. Hapo msomaji anamwona mtu aliyefunzwa kuua, anayejua aanze na yupi na ampige wapi, akihesabu kichwani kwamba akimgusa hata mmoja, atakuwa mtu Mweusi aliyempiga kijana wa Kizungu ufukweni. Hawezi kushinda kwa kushinda. Kisha Albright anatokea na bastola, anamdhalilisha kijana mmoja mbele ya wenzake, na Easy anatambua kwamba mwajiri wake ni hatari kuliko genge zima. Kurasa chache tu, na zinabeba mkataba mzima wa kesi: nani anaruhusiwa kutumia nguvu, na kwa nini Easy atalazimika kutumia akili.

Ya pili ni sauti. Huko Normandy, Easy alibanwa ndani ya banda la shambani na mdunguaji wa Kijerumani, wenzake wawili wakiwa maiti kando yake. Hapo ndipo sauti ilipomjia mara ya kwanza, kavu, isiyobembeleza, ikamwambia asubiri jua lizame kisha atoke akamuue yule mdunguaji. Akafanya hivyo. Tangu siku hiyo sauti inarudi akibanwa, na tazama inavyotumika: haimwambii nani muuaji. Inamwambia lini anyamaze, lini akubali kipigo, lini aondoke. Wapelelezi Miller na Mason wanapomchukua hadi kituo cha polisi cha Mtaa wa 77 na kumhoji kwa ngumi kuhusu watu wawili waliouawa, ndipo utaona askari wa zamani anavyovumilia mahojiano: anatoa kidogo, anapima anachojua mhoji, na hamwagi jina hata moja lisilolazimika. Waandishi wengi huiga sauti ya ndani kwa ajili ya huzuni. Hapa ni chombo cha kazi.

Ya tatu ni ile inayogusa moyo zaidi, na wengi huiruka kwa sababu haisogezi kesi mbele. Mtaani kuna duka la pombe la Abe na Johnny, mashemeji Wayahudi waliotoka hai Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, ambako walifanya kazi ya kinyozi. Easy anawaeleza habari ya kambi ambayo kikosi chake kilifika, na mtoto aliyekonda kwa njaa ambaye sajini wao alimbeba mgongoni. Askari wakampa vitamu, kwa huruma. Mwili uliozoea njaa haukuweza kupokea chakula kile, na mtoto akafa. Mambo ya namna hiyo yalitokea kwelikweli kwenye kambi zilizokombolewa mwaka 1945, kwa sababu mtu aliyeteswa na njaa muda mrefu anahitaji kulishwa kidogokidogo na kwa uangalizi. Mosley haongezi mahubiri. Anaacha Easy aseme tu kwa nini anaelewana na wenye duka wale, kisha kisa kinaendelea. Baadaye, kwenye A Red Death, uelewano huo ndio utakaomweka pabaya.

Halafu kuna nyumba. Ukitaka kujua Easy anatetea nini, soma polepole ile aya ya bustani. Nyumba yenyewe ni sebule, chumba kimoja na jiko, na bafu halina hata bomba la mvua. Mbele kuna mparachichi na mtufaa, ubavuni mkomamanga unaozaa sana na mgomba ambao haujawahi kuzaa chochote. Easy anasema nyumba hiyo ina maana kwake kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kumjua. Hapo tarehe inafanya kazi kubwa ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anaweza asiione mara moja. Mei 1948, kwenye kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama hazitaendelea kutekeleza mikataba ya ardhi iliyokataza Weusi kununua nyumba kwenye mitaa ya Wazungu. Julai 26 mwaka huohuo Rais Truman akasaini amri ya kuondoa ubaguzi jeshini. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliorudi iliahidi dhamana ya mikopo ya nyumba, lakini mkopo wenyewe ulitoka benki, na benki nyingi ziliwafungia Weusi mlango. Kwa hiyo mtu Mweusi aliyerudi vitani akamiliki nyumba Los Angeles mwaka ule ameshika kitu ambacho nchi nzima inabishania. Easy haingii kwenye upelelezi kwa kupenda haki. Anaingia ili benki isimnyang'anye, na sababu hiyo inaaminika kuliko kiapo chochote.

Hapa nataka kusema jambo la kwetu. Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) waliopigana Burma mwaka 1944 walirudi Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland wakakuta hoteli zilezile zisizowaruhusu kuingia na mashamba yaleyale yasiyo yao. Waruhiu Itote alitoka Burma, akafanya kazi reli, na baadaye akawa Jenerali China wa Mau Mau msituni. Msomaji aliyelelewa na babu wa Keya atamwelewa Easy haraka kuliko wasomaji wengi wa Ulaya. Mpelelezi wa Kiswahili aliyetoka Keya, akitatua kesi Pumwani au Kariakoo mwaka 1947, ni kitabu ninachokitamani kwa dhati, na mtu atakayekiandika asianze kabla hajasoma Mosley.

Kwa namna Easy anavyopeleleza, wanaojifunza uandishi wa aina hii watapata mengi ya kuchukua. Hatembei na daftari. Hatua yake ya kwanza ni kwenda mahali ambapo angekwenda hata bila kesi, kwa mfano klabu ya John, isiyo na leseni, ambayo mlango wake umejificha nyuma ya duka dogo la vyakula. Anaagiza kinywaji, anauliza habari za kazi, za wagonjwa, za nani ameachana na nani. Jina analolitaka analitaja kupita tu, tena wakati mwingine na uongo kidogo pembeni, kisha anasubiri uongo huo umrudie. Ukimrudia kupitia mtu ambaye hakuwepo, anajua nani amezungumza na nani. Malipo yake mara nyingi si pesa: ni fadhila, na kila fadhila inadaiwa siku moja. Ukifuatilia kitabu baada ya kitabu utaona daftari la madeni lisiloandikwa likimzunguka, na kesi kadhaa zinaanza kwa sababu mtu amekuja kudai lake. Lugha nayo ni silaha. Easy anajua Kiingereza cha shule lakini akitaka watu wamfungukie anarudi kwenye lahaja ya Texas na Louisiana, na mbele ya polisi anachagua ipi itamfanya aonekane hana hatari.

Kasoro zipo, na si ndogo. Kubwa ni msongamano wa majina. Devil in a Blue Dress ni kitabu chembamba, lakini ndani yake kuna Joppy, Albright, Daphne, Coretta, Dupree, Odell, Todd Carter, Matthew Teran, Richard McGee, Mouse, na watu wawili tofauti wenye jina la Green: Frank, ambaye ni jambazi anayetafutwa, na Howard, ambaye ni marehemu anayeulizwa na polisi. Hapo ndipo wasomaji wengi hupotea na kuanza kulaumu Kiingereza chao. Tatizo si Kiingereza. Andika majina hayo kwenye karatasi na kando ya kila moja ujaze mambo mawili tu: nani alimwona Daphne, na nani anazijua dola 30,000 zilizoibwa. Ukifanya hivyo, sura za mwisho zitafunguka zenyewe.

Kasoro ya pili ni Mouse. Raymond Alexander, rafiki wa utotoni, mfupi, nadhifu, mwepesi wa kuua, ni mmoja wa wahusika wazuri kabisa wa fasihi ya uhalifu, na Easy aliingia jeshini kwa sehemu fulani akimkimbia yeye. Lakini mara nyingi mno mwandishi anapofika kwenye kona, Mouse anatokea na bastola na kona inanyooka. Mwanzoni hilo lina bei, kwa sababu Easy anaumia kwa kumhitaji mtu asiye na dhamiri. Baada ya vitabu 6 au 7 bei hiyo inapungua, na hatari inakuwa ya kuigiza. Ya tatu: wanawake. Mosley huwaandika kwa uhai lakini kwa jicho la mwanamume anayetamani, na hata mwanamke mwenye akili kuliko wote chumbani hutambulishwa kwanza kwa mwili wake. White Butterfly peke yake ndicho kinachomhukumu Easy kwa tabia yake ndani ya ndoa, tena bila huruma, na kwa hilo kinastahili sifa. Onyo pia: baadhi ya vitabu vinagusa udhalilishaji wa watoto. Havionyeshi kwa kirefu, ila vipo, kuanzia cha kwanza.

Kwa kulinganisha, wengi watapendekezewa kwanza mfululizo wa Inspekta Ian Rutledge wa Charles Todd, jina la kalamu la mama na mwanawe Wamarekani, ulioanza mwaka 1996 kwa A Test of Wills. Rutledge wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, amerudi kazini Juni 1919 na sauti yake mwenyewe kichwani: Hamish MacLeod, koplo wa Kiskoti ambaye Rutledge aliamuru apigwe risasi kule Somme, Ufaransa, mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa kukataa amri. Wazo ni zito, na baadhi ya athari zake zimefikiriwa vizuri. Rutledge alifukiwa hai na kombora, kwa hiyo hawezi kuvumilia mahali finyu. Ndiyo sababu anaendesha gari kwenda vijijini badala ya kupanda treni, na ndiyo sababu hageuki kutazama kiti cha nyuma, anakohisi Hamish amekaa. Hapo vita vinabadilisha hata ratiba ya upelelezi, na inanifurahisha.

Tatizo liko kwenye msingi wenyewe. Hamish anauawa kwa haraka karibu na mstari wa mbele, kama jambo ambalo kapteni anaweza kulimaliza usiku mmoja. Jeshi la Uingereza halikufanya hivyo. Askari alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya uwanjani, kwa kawaida yenye maofisa 3. Hukumu ya kifo ilipandishwa ngazi kwa ngazi, brigedi, divisheni, kikosi, jeshi, hadi kwa kamanda mkuu, ambaye wakati wa Somme alikuwa Haig. Hiyo ilichukua wiki kadhaa. Hukumu za kifo zilizotolewa zilikuwa zaidi ya 3,000 na nyingi sana zilipunguzwa kuwa adhabu nyingine kabla ya kutekelezwa. Waliouawa kwa kutoroka, uoga na makosa ya namna hiyo walikuwa 306, na serikali ya Uingereza iliwasamehe mwaka 2006. Msomaji anayejua utaratibu huo atakwama, kwa sababu hatia ya Rutledge inategemea yeye kuwa mwamuzi wa pekee, wakati jeshi lile lilihakikisha lawama inagawanywa kwa watu wengi. Unaweza kulipokea kama sharti la riwaya na kuendelea. Mimi huendelea, kwa sababu mandhari ya vijiji vya Uingereza vilivyobaki na wajane ni ya kweli sana, lakini ufa unabaki pale.

Kuna na saa iliyosimama. Zaidi ya vitabu 20 vya Rutledge vinachukua takribani miaka 2 ya maisha yake, ukiacha kile kinachorudi nyuma hadi 1914. Kesi moja inamalizika, nyingine inaanza baada ya siku chache, na kidonda hakiponi wala hakiozi. Easy anazeeka. Kutoka 1948 hadi 1970 anaoa, anaachwa, analea watoto wawili wasio wa damu yake, anapata leseni ya upelelezi, na vita vinabadilika ndani yake kutoka jambo la jana kuwa jambo la ujana. Kwenye Blood Grove, kinachotokea mwaka 1969, anakuja ofisini kijana aliyerudi Vietnam akiwa hana hakika kama ameua mtu kwenye shamba la michungwa. Easy anaichukua kesi kwa sababu anamtambua askari mwenzake. Mfululizo wa saa iliyosimama hauwezi kukupa mkutano huo.

Sam Wyndham wa Abir Mukherjee, aliyeanza mwaka 2016 kwa A Rising Man, Calcutta ya Aprili 1919, ni chaguo zuri kwa anayetaka dola ya kikoloni ikitazamwa kutoka ndani. Vita vimemwachia Wyndham uraibu wa afyuni, na uraibu huo una athari kwenye kesi. Msaidizi wake, Sajini Banerjee, ndiye mhusika bora wa vitabu vile.

Kuhusu mpangilio wa kusoma: fuata mwaka wa kuchapishwa, usifuate mwaka wa matukio. Gone Fishin' kinaelezea 1939 na kiliandikwa kabla ya vingine, lakini kilitolewa mwaka 1997 na Black Classic Press, wachapishaji wadogo Weusi wa Baltimore. Ukianza nacho utadhani mfululizo si wa upelelezi, kwa sababu chenyewe karibu hakina upelelezi. Kisome baada ya kumzoea Mouse. A Red Death, cha 1991, kinampeleka Easy hadi 1953. Sasa anamiliki majengo ya kupangisha kwa siri huku akijifanya mfagizi tu, ofisa wa kodi ya mapato anamnasa, na shirika la FBI linamwokoa kwa sharti kwamba apeleleze Myahudi mkomunisti anayejitolea kanisani. Hicho ndicho cha pili kwa ubora miongoni mwa vitatu vya mwanzo. White Butterfly, cha 1992, kina shabaha kali: wanawake Weusi wanauawa na polisi hawajisumbui, mpaka anapouawa binti wa Kizungu. Black Betty na A Little Yellow Dog ni vizuri bila kuwa vya lazima.

Cha lazima ni Little Scarlet, cha mwaka 2004, na ukiwa na muda wa vitabu viwili tu, basi ni hicho na cha kwanza. Mtaa wa Watts uliwaka Agosti 11 hadi 16, 1965, baada ya polisi kumkamata dereva kijana, na watu 34 wakafa. Riwaya inaanza moshi ukiwa bado hewani. Mwanamke Mweusi, Nola Payne, amekutwa ameuawa, na inasemekana alimficha Mzungu aliyekuwa akikimbia ghasia. Polisi wanaogopa kwamba habari ikivuja, moto utarudi, na wao hawawezi kugonga mlango hata mmoja wa mtaa ule. Wanamfuata Easy. Safari hii anapewa barua ya mkubwa wa polisi inayomruhusu kupita vizuizi. Angalia jinsi barua hiyo inavyotumika: kila kizuizi kinaisoma upya, kila askari anataka kuipuuza, na Easy anajifunza kuitoa mfukoni polepole, mikono ikionekana. Ni kesi ileile ya 1948 iliyogeuzwa: wenye nguvu wanahitaji mtu wa kuingia wasikoweza kuingia, ila sasa Easy ana miaka 45 na anajua bei yake. Melvin Suggs, mpelelezi wa polisi anayefanya naye kazi, ndiye Mzungu wa kwanza wa polisi kwenye mfululizo ambaye Easy anaweza kumheshimu, na heshima hiyo inajengwa taratibu.

Blonde Faith, cha 2007, kinaishia mahali ambapo wengi waliamini Easy ndiyo kwisha. Little Green kilikuja miaka 6 baadaye. Vya baada ya hapo vina kasi ndogo na watu wengi wa zamani wanaopita kusalimia, kwa hiyo usivianze bila kujua waliotangulia.

Filamu ya 1995 ya Carl Franklin, Denzel Washington akiwa Easy na Don Cheadle akiwa Mouse, ni nzuri, na Cheadle anastahili kutazamwa hata na asiyependa filamu za zamani. Lakini uhusiano wa Easy na Daphne umepunguzwa sana, na pamoja nao uzito wa siri ya mwisho. Soma kwanza, tazama baadaye.

Lahaja ikikusumbua kwenye karatasi, sikiliza kitabu cha sauti cha sura mbili za kwanza huku ukifuata maandishi. Maneno yaliyokatwa miisho yanaeleweka mara moja yakisemwa. Baada ya hapo rudi kwenye karatasi, kwa sababu ile orodha ya majina huwezi kuitunza kwa masikio peke yake.